Mpaka Uliosukumwa na Dunia

Jumanne, tarehe 26, mwezi wa Bhadau

Mgeni wetu, profesa wa miamba, amemaliza chai yangu yote, lakini ameniachia utajiri. Anasema milima hii ilikuwa sakafu ya bahari. Nchi ya kusini iliigonga ya kaskazini, ardhi ikajikunja, ikapanda juu. Na bado inasukuma kuelekea kaskazini, kila mwaka! Nikatazama shamba. Kaskazini yangu ni Omkar Gauchan. Mpaka wetu ni jiwe lililo chini ya mtufaha alioupanda mke wangu, Padma, mwaka tuliooana. Matunda tunagawana na Omkar nusu kwa nusu. Jiwe likisogea kaskazini kidogo tu, mti mzima wetu. Nani ataishtaki dunia?

Jumatano, 27 Bhadau

Nimelisogeza. Nikamwita Omkar, nikamweleza habari za nchi kugongana. Akasikiliza kwa adabu zote. Kisha akalirudisha kwa teke, akauliza kama dunia siku hizi inavaa viatu vyangu, maana nyayo zake ndizo hizi hapa. Mshenzi! Padma akasema, baba Rukmi, nusu inatutosha, uache mti wangu. Mwoga.

Ijumaa, 29 Bhadau

Nimeokota jiwe mtoni. Jeusi, zito, lina konokono wa bahari aliyegeuka mwamba. Shaligramu kabisa, jiwe takatifu, mungu Vishnu mwenyewe. Hili nani atalipiga teke? Mchana upepo ulipochachamaa na watu kujifungia ndani, nikalibeba. Vumbi tupu, sioni hata pua yangu. Nikafika kwenye ukuta wa mawe ya sala ulio njiani. Nikauzunguka, ukuta kuliani kwangu, kama inavyopasa. Mimi si mpagani. Nikapapasa hadi nikaugusa mti, nikaupita, nikaliweka, nikalipaka poda nyekundu, nikaomba. La zamani nikalitupa mtoni. Safi!

Jumamosi, 30 Bhadau

Balaa! Kuuzunguka ukuta kulinigeuza. Niliufikia mti kutokea upande wa Omkar. Shaligramu imekaa ndani ya shamba langu, mti mzima uko kwake! Nimemkuta amepiga magoti, kaleta maua na maziwa, na mahujaji wapita njia wamemzunguka. Nikamlalamikia mkuu wa kijiji. Akashangaa: nani athubutu kumsogeza Vishnu? Akauliza jiwe lilifikaje pale. Nikasema dunia imelisukuma. Akasema basi, dunia imeshaamua. Padma alisimama uani akiutazama mti wake mpaka chakula kikaungua. Iliniuma.

Jumapili, 31 Bhadau

Omkar ametuletea kikapu cha matufaha. Ya mti wetu! Padma ameyapokea kwa mikono miwili, kisha akaingia jikoni kulia. Nikambembeleza. Nikamwambia avute subira: dunia bado inasukuma kaskazini, jiwe litaupita mti lenyewe, bila mkono wa mtu. Akaniuliza, na mti je, utabaki umesimama hapo ukilipungia mkono?

Maskini, sayansi haijui. Nimetoa kiti, nimekaa karibu na jiwe. Nadhani limeanza kusogea.