Habari za Fundi Cherehani Aliyemfufua Mke Mwenza

Sogeeni karibu, hata ninyi mlioacha sufuria motoni, kwani kikiungua chungu kizima haitakuwa hasara kubwa kama kuikosa habari hii. Nanyi mnaojisifu kwa vita vya farasi na mapanga, nyamazeni kidogo. Leo nasimulia vita vilivyopiganwa juu ya meza ya kukatia nguo, baina ya mwanamke mmoja mwenye miwani na waya mwembamba kuliko unywele, siku ya Ijumaa baada ya chakula cha mchana, saa ambayo watu wameshiba na hawana ushujaa wowote.

Mwanamke huyo ndiye Fundi Cherehani, Mfumua Mapindo, Mshinda Zipu Zilizokwama, aliyeivika nusu ya mtaa na kuzijua siri za viuno vyote. Mumewe alikuwa mpiga gitaa, nao walikuwa wameoana miaka ishirini na saba. Katika miaka hiyo yote Fundi Cherehani hakuliita lile gitaa la umeme kwa jina lake. Aliliita mke mwenza. Lilipanguswa kuliko kabati lake, lilikuwa na kiti chake sebuleni, na likiugua mume hali chakula. "Mwenzangu kaamkaje leo?" aliuliza kila asubuhi, akilielekezea kidevu, na mumewe akacheka peke yake.

Sasa binti yao alikuwa anaolewa kesho yake, na alikuwa ametamka neno lililomkalisha baba yake kitako: "Sitaki muziki wa kwenye simu. Nataka Baba anipigie ninapoingia ukumbini." Binti huyu ndiye aliyekuwa akiziba masikio tangu darasa la tatu. Baba mtu alitoka nje akajifanya anaangalia mawingu.

Furaha ikamponza. Alitaka gitaa ling'ae harusini, akalifungua, akaitoa pikapu, kile kidude kama kipande cha sabuni kinachokaa chini ya nyuzi na kuupeleka mlio wao kwenye spika, akaanza kukisugua vumbi kwa mswaki. Kumbe kimezungushiwa waya wa shaba maelfu ya mizunguko. Mswaki ukanasa ncha, ncha ikakatika. Alipochomeka gitaa, spika ikanyamaza kama mkwe aliyenuna.

Akamwandikia shemeji yake, mdogo wa mkewe: "Pikapu imekufa. Waya umekatika. Harusi kesho. Njoo haraka!"

Ole wake aandikaye kwa haraka! Shemeji huyo, aitwaye Spana mtaa mzima, alikuwa fundi magari. Naye akaja. Akaja kama jeshi la watu arobaini ndani ya ovaroli moja, begani kamba ya kuvutia gari, shingoni waya wa betri mnene kama kidole gumba, kwapani jeki.

"Iko wapi?" akanguruma mlangoni. "Shemeji, futa machozi! Hakuna pikapu iliyowahi kunishinda mimi. Nimefufua pikapu zilizoota majani! Nionyeshe ilipolala."

Mpiga gitaa akafungua kiganja.

Spana akakitazama kile kiganja, kisha akaiweka jeki chini taratibu.

Lakini mwanamume hakubali kurudi bure. Mfukoni alikuwa na mita ya kupimia umeme na chuma cha kulehemia, akakunja mikono ya ovaroli, akainama. Vidole vilivyozoea nati za magurudumu vikaugusa waya, nao ukakatika tena, mfupi kuliko mwanzo.

"Mama yangu," Spana akanong'ona. "Shemeji, ukikatika huko ndani, ndiyo basi tena. Na duka la vifaa vya gitaa limefungwa mpaka Jumatatu."

Wakati wote huo Fundi Cherehani alikuwa akipinda gauni la harusi. Angeweza kuendelea kupinda. Miaka ishirini na saba aliutamani ukimya huu, na sasa umekuja wenyewe, hata dhambi hana. Akainua macho, akamwona mumewe amekishika kile kidude kama mtu aliyeshika kifaranga. Akamwonea huruma, na huruma hiyo ikamuudhi.

"Ondokeni mezani pangu, wote wawili!" akanena, akisimama kwa urefu wake wote, ambao si mwingi. "Mmoja anasugua, mwingine anavunja, na mtoto wangu aingie ukumbini kwa kimya kama anaingia benki? Leteni taa. Spana, washa hicho chuma chako. Na mtu asipumue kwa nguvu."

Hapo vita vikaanza. Akatandika kitambaa cheupe, akavaa miwani ya pili juu ya ya kwanza, akashika sindano namba ndogo kuliko zote. Akatafuta ncha ya waya, akaikosa, akaipata. Akafumua mzunguko mmoja polepole, kama anavyofumua gauni la mteja aliyenenepa na hataki kuambiwa. Akaikwangua ncha mpaka shaba ikang'aa. Pembeni ya pikapu palikuwa na kitundu cha kupitishia waya, kidogo kama tundu la sindano. Naye, bila kufikiri, akaulamba waya.

"Dada!" Spana akapiga kelele. "Huo si uzi!"

"Na hiyo si gari. Nyamaza."

Akaufuta, akaulenga. Mara ya kwanza ukapinda, mara ya pili mumewe akapiga chafya, akaomba radhi kwa macho. Mara ya tatu ukapita.

"Risasi," akasema, akinyoosha mkono bila kugeuka. Tone moja la risasi ya kulehemia likayeyuka penye kiungo, likameta, likaganda. Spana akagusisha mita, na namba zikaruka. "Inasoma!" akalia. "Dada, inasoma! Ni nzima!"

Pikapu ikarudishwa, gitaa likachomekwa. Mpiga gitaa akagusa uzi mmoja, na nyumba nzima ikaitika. Akaupiga wimbo wa kumwingiza binti yake, machozi yakimfika kidevuni. Kabla hajamaliza, jirani akagonga ukuta mara tatu. Mkono wa mpiga gitaa ukaenda wenyewe kupunguza sauti.

"Iache," mkewe akasema. "Pale mwanzo umekimbia. Mtoto atakuwa bado yuko mlangoni. Piga tena."

Basi na iandikwe, wala asije mtu akaifuta, kwamba Ijumaa hiyo, saa tisa na robo, kwa waya usiozidi urefu wa ukope, Fundi Cherehani alimfufua mke mwenza kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akarudi kwenye gauni, na mguu wake ukaikanyaga pedali ya cherehani ukifuata ule mdundo. Alipoulizwa, alikana. Historia imeamua kutomwamini.