Jogoo wa Mkaguzi

Jamani, leo mwenzenu nimejiaibisha mpaka ndege ikakataa kutua.

Mke wangu, Mama Simiyu, anafanya kazi kwenye kiwanja kidogo cha ndege huku nje ya Kitale. Anakagua mizigo na kuangalia kama seng'enge iko sawa. Wiki hii amekuja mkaguzi kutoka Nairobi. Kiwanja kikifeli, kitafungwa, na Mama Simiyu atakosa kazi. Hilo nililielewa. Nisichoelewa ni kwa nini kila jioni nyumbani ilikuwa mkaguzi, mkaguzi, mkaguzi.

"Mkaguzi ameokota kijiwe kwa barabara ya ndege. Ati kikiingia kwa injini, watu wanaweza kufa!"

"Mkaguzi amewaambia watu wa zimamoto warudie zoezi, walichelewa kufika."

"Huyo mtu hakosi kitu, bana."

Mimi nimeezeka nyumba yetu kwa mikono yangu na sijawahi kusifiwa hivyo. (Inavuja kidogo, lakini hiyo si hoja.) Jana usiku akang'arisha viatu vyake vya kazi mara mbili. Wivu ukanishika. Nikashindwa kumaliza ugali, na mnanijua kwa ugali.

Leo alfajiri nikapata wazo. Kwetu Bungoma, mgeni ukishampa jogoo amekuwa mtu wa nyumbani kwako. Hawezi tena kumtazama mkeo kwa jicho lingine, ataona haya. Nikaenda kijijini Bumula kwa mama, nikarudi na jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye maringo. Nikavaa koti la harusi. (Ndiyo, la harusi. Nilitaka ajue mwenye boma ni nani.)

Askari wa getini pale kiwanjani akanisimamisha.

"Mzee, hiyo ni nini?"

"Zawadi ya mkaguzi."

"Ai! Kuku haingii. Na zawadi haingii. Leo ni ukaguzi, si urudi nyumbani tu?"

Ningerudi. Lakini nikawaona kupitia seng'enge, Mama Simiyu na mwanamume mrefu, wanatembea bega kwa bega, wanainama pamoja, wanacheka. Wanacheka! Kazini! Nikazunguka nyuma, nikapata shimo chini ya seng'enge, limefichwa na nyasi, mahali mbwa hupitia. Nikalala kifudifudi, nikajisukuma. Koti likanaswa. Nikavuta, likararuka mgongo mzima, na mkono uliomshika jogoo ukaachia.

Jogoo akakimbia hadi katikati ya barabara ya ndege. Akasimama. Akawika!

Na ndege ndiyo hiyo inashuka. King'ora kikalia. Ndege ikanguruma, ikapanda juu tena. Gari la zimamoto likaja mbio, wanaume wakaruka chini na kuanza kumfukuza jogoo huku na huku. Mimi bado niko kwa tumbo, nusu ndani, nusu nje, suruali imeshikwa na miiba ya waya.

Viatu viwili vilivyong'aa vikasimama mbele ya pua yangu. Nilivijua. Pembeni ya Mama Simiyu alikuwa mkaguzi. Kwa karibu ana mvi na kitambi. (Lakini kitambi cha heshima. Wivu haukupungua.)

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

Nikamwangalia mke wangu aniokoe. Akaangalia Mlima Elgon.

"Ni bwana yangu," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Na kuku?"

"Ni wako, mzee," nikajibu nikiwa palepale chini. "Karibu kwetu."

Hakucheka. "Kuku huyu angevutwa na injini, saa hii tungekuwa tunaokota maiti. Shimo lizibwe kabla ya jioni, la sivyo nafunga kiwanja."

Mama Simiyu akaanza kulengwalengwa na machozi. Hapo ndipo niliumia kweli. Nikasema nitaliziba mwenyewe.

Ndege ilitua baadaye, salama. Sasa nimepumzisha vidole kidogo ndiyo niwaandikie. Mikono imechunika yote. Mkaguzi ameketi kando yangu kwenye kiti, anavuta kila fundo la waya kuona kama limekaza. Amenirudisha kufunga upya sijui mara ngapi. (Kweli hakosi kitu, bana.)

Mama Simiyu ameleta chai. Kikombe kimoja. Cha mkaguzi.

Msicheke, tafadhali. Amemkorogea hata sukari.