Kioo Kilichokufa Mara Nyingi

Daktari alipopita mbele ya duka la dobi na kuona mvuke unavyofuka mlangoni, alisimama akachekelea peke yake. Udaktari alijitunuku mwenyewe siku aliyofukuzwa kazi ya kufagia maabara. Alitoka huko na kioo cha ukubwa wa kiganja kilichopakwa utando mweusi wa madini, na tangu hapo kioo hicho ndicho kilichomlisha, tena ndicho kilichomziba mdomo dada yake, ambaye kila asubuhi alitishia kumtupia godoro nje.

Kioo kilikuwa cha kweli. Jua likikipiga, kinazungusha feni ndogo. Ila kina ugonjwa: kikipata unyevu kinageuka manjano na kufa. Tena kina dawa: kikikaangwa kwenye jiko la umeme la dada, kinarudi cheusi na kizima. Basi Daktari alikuwa anakiuza, anangoja kife, anarudi na uso wa matanga, anasema ni sumu, analipwa akakizike, anakikaanga, kisha anakiuza mtaa wa pili. Wateja wake wote walikuwa na tamaa ya fisi, wakaona aibu kulalamika. Kwa dobi, mvuke ule ungekiua kabla ya jioni.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, maarufu kwa kukodisha suti za wateja wake kabla wenyewe hawajazifuata. Alimtazama Daktari toka juu hadi chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Suti ya nani hiyo?"

"Yangu, mama." Aliikodi kwa mchuuzi wa sokoni na hakuuliza ilikotoka.

"Haya. Unauza nini?"

Akakiweka kioo dirishani, feni ikazunguka. Hapo Daktari hakujizuia, maana alipenda kuhutubu kuliko kula. "Mama yangu, vioo vingine vya umeme wa jua vina mchanganyiko wa vitu vya kuoza. Hiki ni madini matupu! Kimepikwa motoni, moto ndio mama yake. Ukiwa nacho, wewe ndiye wakala. Mtaa mzima utakuja kununua umeme kwako."

"Bei nitapanga mimi?"

"Nani mwingine?"

Mama akalipa haraka, jambo ambalo lingemshtua mtu mwenye akili.

Baada ya siku chache Daktari alirudi amenuna kama mfiwa. "Mama, pole. Najua kimegeuka manjano. Kina madini ya risasi ndani, ni sumu. Nipe nikakizike, gharama ya mazishi ni ndogo tu."

"Nikuongezee hela? Gari la taka linapita sasa hivi, nitakitupa mwenyewe."

"Usikitupe!" Sauti ilimtoka kama ya mwizi aliyebanwa.

"Kwani si kimekufa?" Mama alikunja mikono. "Mwanangu, maiti hii unaililia sana. Inunue."

Bila kioo kile alikuwa mfagizi asiye na ufagio, na godoro lake lingetupwa nje. Akatoa chote alicholipwa na mama, na akiba juu yake. Mama akamletea kitu ndani ya foronya. Daktari alichungulia, akaona umanjano na nyaya mbili, akaondoka mbio. Kukagua mali aliona ni kazi ya wale anaowauzia.

Alipokiweka jikoni, kilifuka moshi, kikanuka rangi, kikavimba malengelenge. Umanjano ulibanduka, chini yake kikabaki kipande cha kioo cha dirisha.

"Jiko langu!" dada alipiga kelele, na mara hii godoro lilitoka kweli.

Daktari alikimbia hadi kwa dobi. Watu walikuwa wamejaa nje, feni inazunguka, na mama anahutubu: "Madini matupu, jamani! Moto ndio mama yake!"

"Hicho ni changu!"

"Chako ulikizika," mama alisema, watu wakacheka.

Daktari akamsogelea. "Umekifufuaje?"

"Hapa kwetu kikilowa kitu tunakipiga pasi. Hatujui dawa nyingine." Akamshika kola. "Na suti ivue. Mwenyewe yuko ndani ananifokea."

Daktari aliondoka amejisitiri kwa foronya, na hata hiyo aliikodi kwa mama.