Mafuta ya Mukalitusi kwa Mama Mukwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi. Butembo.
Kavuo, muke wangu, amerudi kwao Kipese. Ni juu ya sungura zangu, zilikula maharage yote ya jirani. Mama yake ametuma habari: pua yake imeziba tangu mavuno, halali usiku, na binti hatarudi mpaka yeye apone ama mimi nipate akili. Akili iko mbali. Nitaanza na pua.

Jumatano, 5 Machi.
Jirani Paluku anasema majani ya mukalitusi yanatoa mafuta, kule Ulaya batu banayanusa na kulala kama batoto. Na mimi ninayachoma! Nikaazima pipa la tante Jokébed, shangazi yangu, lile anapikia lotoko, pombe yake kali. Akauliza kama nitaliosha kwanza. Nikasema ndiyo, tante.

Alhamisi, 6 Machi.
Yesu wangu! Moto, majani, mvuke, kisha tone. Juu ya maji, mafuta! Yanaelea yenyewe, yanang’aa. Magunia mane ya majani, chupa moja ndogo. Nikanusa. Kichwa kikafunguka, machozi yakatoka. Miti hii imesimama nyuma ya choo changu miaka makumi mbili, na hicho kitu kiko ndani. Nikavua kofia mbele ya muti. Paluku akacheka. Acheke.
Iko harufu ingine kidogo kwa nyuma. Nadhani ndiyo nguvu yenyewe.

Jumapili, 9 Machi. Kipese.
Mukwe hagusi mama mukwe, donc Kavuo ndiye alimupaka kifuani. Pua ikafunguka pale pale! Mama akasema ananusa udongo, ananusa maharage ya jirani yake kwenye moto. Akalia. Na mimi nikalia. Kavuo akanitazama kama siku ya ndoa yetu.
Tukaenda misa. Mais mama ni mukubwa wa kikundi cha bamama banaokataza pombe! Kanisa likajaa, joto likapanda, benchi nzima ikasogea. Katekista Kahongya akamuuliza mama polepole kama alikunywa lotoko asubuhi. Aah! Sikuosha pipa. Kavuo akaniambia nishuke Butembo peke yangu.

Jumanne, 11 Machi. Butembo.
Kavuo amerudi! Mama amelala vizuri siku mbili. Amesema mukwe ni mujinga, mais pua ni pua. Sharti moja: niape sitagusa tena pipa la tante. Nikaapa, mukono juu, kwa moyo wote.
Mvua ilikuwa imekatika. Nyuma ya Kavuo, muti wa siprè wa Paluku ulinukia, Mungu wangu, nikasahau hata kushusha mukono.
Tante iko na sufuria pia; juu ya hiyo hakuna mutu aliniuliza. Kesho nitaiazima, nipikie majani ya siprè. Niliichungulia, inaonekana safi.