Mara Sitini na Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa idara ametuita ofisini. Nafasi ya uprofesa ni moja, waombaji wawili: mimi na Sumaku, jirani yangu wa ofisi. Jina hilo tumempa kwa sababu anachunguza sumaku, na kwa sababu sifa zote hunasa kwake. Atakayepita ni yule ambaye makala zake zimenukuliwa zaidi na watafiti wengine. Mkutubi, mama mmoja makini, atahesabu. Ripoti ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Nimejihesabu. Miaka kumi na minne nachunguza vitu vinavyogeuka hali, maji kuwa barafu na barafu kuwa maji. Nimenukuliwa mara kumi na moja. Mara saba nimejinukuu mwenyewe. Sumaku ana hamsini na nane. Mke wangu kauliza hao wanne waliobaki ni akina nani. Sikupenda sauti yake.

Jumanne, 5 Machi
Nimempigia shemeji, daktari wa mifugo. Anaandika makala kuhusu kupe. Nimemwomba aninukuu. Akauliza barafu yangu na kupe wake wana undugu gani. Nikamjibu dawa za mifugo hukaa kwenye baridi. Akakubali, mradi kwanza nimsomee rasimu. Kurasa sitini. Nimesoma zote, mwili mzima unaniwasha. Mwishoni ndipo akanieleza kwamba makala itatoka Oktoba.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda maktaba kwa unyenyekevu. Nikamuuliza mkutubi kama tangazo la semina lenye jina langu linahesabiwa. Hapana. Kadi ya mwaliko je? Hapana. Nikagusia kwamba macho yakichoka, moja huweza kuonekana saba. Akavua miwani, akaipangusa taratibu, akasema macho yake ni mazima, asante mwalimu. Nikaazima kitabu nisichokihitaji, nikaondoka.

Jumatatu, 11 Machi
Sitini na tatu! Mkutubi amenipigia mwenyewe. Kumbe kuna watu walioandika jina langu kwa kudondosha herufi moja, ndiyo maana sikuwaona. Hamsini na wawili. Alitaka kuniambia jambo jingine, nikamwambia namba inatosha, nikakata simu.

Nimempigia mama mkwe. Nimepita mlangoni kwa Sumaku mara tatu, ya nne nikaingia kumpa pole. Hakukasirika. Akauliza kama nimewasoma hao wanaoninukuu. Nikamjibu mtu mkubwa hafuatilii wanaomsifu. Akasema kweli.

Ijumaa, 15 Machi
Kikao. Mkutubi amegawa ripoti na, bila kuombwa na mtu, akasoma sentensi zenyewe. Kumbe wote hamsini na wawili wananukuu jedwali langu la pili, ambamo maji ya chumvi yaliganda kwenye nyuzi nne juu ya sifuri. Alama ya kutoa ilidondoka wakati nachapa. Mmoja ameandika: "Kwa mfano wa uzembe, tazama huyu." Mwingine amenitia kwenye kitabu cha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, sura ya makosa. Aliyegundua kosa hilo wa kwanza ni Sumaku, miaka sita iliyopita.

Nikatazama dari. Mkuu wa idara akageuza fomu mbele na nyuma.
"Hapa pana kisanduku kimoja tu," akasema, "nacho kinataka namba."
"Lakini mkuu, wanamcheka," mkutubi akasema.
"Hakuna kisanduku cha kucheka."
Mimi ni profesa. Sumaku akanipa mkono, akapendekeza profesa mpya atoe mhadhara wa wazi kuhusu kazi yake inayonukuliwa zaidi. Wote wakaunga mkono.

Jumatano, 20 Machi
Mhadhara. Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Nilipofika jedwali la pili, wote wakaegemea mbele. Ningeweza kukiri. Nikasema matokeo hayo bado yana mjadala. Fundi wa majokofu wa chuo akanyoosha mkono, akauliza kwa heshima zote kama kwa jedwali hilo tunaweza kuzima majokofu na bado tukapata barafu. Nikamshukuru kwa swali zuri. Kicheko kilianzia mstari wa nyuma. Mke wangu alikuwa mstari wa nyuma.

Alhamisi, 21 Machi
Mkutubi amekuja na karatasi. Ananishauri nichapishe sahihisho la mstari mmoja: nilikosea, samahani. Anasema watu watanisamehe na kuniheshimu. Mke wangu naye kasema hivyo hivyo, kwa upole, jambo lililonitia wasiwasi.

Wanawake hawa hawajui hesabu. Nikisahihisha, nani atahangaika kuninukuu tena? Asubuhi nimeangalia: tangu jana nimefika sitini na sita.

Nimeanza makala mpya, safari hii barafu inayoyeyuka. Ina alama tano za kutoa. Nimeondoa tatu. Mbili nimeziacha, watu waone kwamba niko makini.