Namna Nilivyokamatwa kwa Ajili ya Amani

Paris, Jumatatu, 24 Aprili 1950

Gontran Delahousse ametoka rumande. Ameingia mkahawani mchana huu, ndevu hazijanyolewa, koti limechanika begani (nina hakika amelichana mwenyewe), na watu wote wakasimama. Wote! Hata mhudumu, ambaye kahawa yangu huisahau kila siku. Wasichana wa chuo wakamzunguka kama nyuki. Eti alipiga kelele mbele ya polisi kupinga vita vya Indochina. Kelele tu! Mimi nimeandika kitabu kizima juu ya uhuru wa mwanadamu, kinene kama tofali, na hakuna aliyeniinukia.

Kuna baya zaidi. Mama Maréjols, mwenyekiti wa kamati yetu ya Waandishi wa Amani, anatafuta msemaji mkuu wa mkutano wa Jumamosi ya wiki ijayo. Ukumbi mkubwa kuliko kumbi zote. Nikamkumbusha kwamba Wajerumani walipoikalia Ufaransa mimi nilikuwa milimani, walikojificha wapiganaji wetu. Akaniuliza nilikuwa nikifanya nini huko. Nikasema mambo hayo bado ni siri. (Nilikuwa Auvergne kwa shangazi. Nilifuga sungura.) Akasema, kwa upole sana, kwamba anamtaka mtu ambaye msimamo wake umemgharimu kitu.

Sawa. Nitakamatwa.

Jumatano, 26 Aprili

Mpango: kuandika VITA HATUVITAKI kwenye ukuta wa wizara. Rangi nyekundu, mchana kweupe, herufi kubwa kama milango. Nimevaa kofia ya kibarua. Clotilde, mke wangu, akasema nimefanana na mwizi wa baiskeli. Hajui siasa huyu. Anafundisha piano.

Nilianza vizuri mno. VITA ilitoka safi kabisa. Kisha rangi ikaisha! Nimesimama hapo na kopo tupu, polisi huyo katokea. Hatimaye! Nikamnyooshea mikono yote miwili anitie pingu. Akaishika, akaitikisa kwa nguvu, machozi yakimlengalenga. Ana kijana wake askari, yuko vitani Hanoi, hukohuko Indochina. Akaniambia, "Asante, mzee wangu. Kila siku watu wananichafulia ukuta huu kwa upuuzi wa amani. Leo ndiyo nimemwona mtu mwenye uchungu na nchi."

Akanisindikiza mpaka kituo cha treni. Kopo akanibebea yeye.

Alhamisi, 27 Aprili

Gazeti la wahafidhina limemsifu "mzalendo asiyejulikana" anayedai vita bila woga. Gontran akaisoma habari hiyo kwa sauti mkahawani, akasema mtu wa namna hiyo ni wa kuchapwa viboko hadharani. Nikamuunga mkono. Kwa sauti kubwa kuliko yake.

Ijumaa, 28 Aprili

Nimejipeleka polisi kwa miguu yangu. Nikamwambia inspekta kwamba mimi ni hatari kwa dola. Akauliza jina. Aurélien Pescheux. Akaenda kabatini, akafungua, akapekua, akarudi. Sina faili.

Nikamwambia atafute vizuri. Akatafuta vizuri. Sina. Na Delahousse je? Akanionyesha kwa vidole unene wa faili lake, akaongeza kwamba limebidi lifungwe kamba.

Sijawahi kudhalilishwa hivi! Nikadai nifunguliwe langu papo hapo. Akasema nilete picha mbili na cheti cha kuzaliwa, na nisije Ijumaa, Ijumaa wanafunga mapema. Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja aliyekuja kuulizia mwavuli wake. Akanipa pole.

Jumanne, 2 Mei

Jana sikuandika. Nilikuwa mahabusu. Niandike tena: nilikuwa mahabusu!

Maandamano ya Mei Mosi, mvua tele. Bango la kamati tumelibeba wawili, Gontran mti huu, mimi mti ule. Akasogea mbele kidogo. Nikamfikia nikampita. Akanipita. Mwisho tukawa tunakimbia, kitambaa kimetanuka kama tanga, kamati imebaki nyuma kabisa, na Mama Maréjols anapiga ukelele, "Polepole nyie! Mnakwenda wapi?" Tukakata kona, puu! Tumewavaa polisi. Bango likammeza afisa mzima.

Alipotoka humo ndani alikuwa mwekundu kama nyanya. Gari lao lilikuwa karibu kujaa. Akafoka kwamba nafasi imebaki ya mtu mmoja.

"Nichukue mimi!" Gontran huyo, mguu mmoja tayari garini.

"Huyu ameshakamatwa!" nikasema. "Ni zamu yangu!"

Nikamshika mkanda wa suruali, nikamvuta, akaangukia dimbwini. Nikaruka ndani. Mlango nikaufunga mwenyewe.

Selo nikawekwa na mwizi mmoja wa mifukoni. Nikamfafanulia sura ya kwanza ya kitabu changu. Akamwomba askari amhamishe. Askari akasema hapa si hoteli. Nikamfafanulia na ya pili.

Asubuhi nimeachiwa, na gazeti hili hapa, picha ukurasa wa mbele! Gontran yuko chini, mimi mlangoni mwa gari nimenyoosha mkono (nilikuwa natafuta kitasa). Chini wameandika: "Mwanafalsafa Pescheux amwokoa rafiki, ajitoa mhanga badala yake."

Gontran hana pa kutokea. Akikataa kwamba nilimwokoa, itabidi aseme tuligombania kiti cha gari la polisi. Mama Maréjols akamwamuru anikumbatie mbele ya mkahawa mzima. Akanikumbatia, akaninong'oneza neno ambalo sitaliandika humu. Nami nikamjibu kwa sauti, "Usijali, ndugu yangu. Hata wewe ungenifanyia hivyohivyo." Watu wakatoa leso.

Msemaji mkuu ni mimi!

Jumamosi, 6 Mei

Ushindi! Ushindi mtupu! Watu mpaka kwenye ngazi. Gontran ndiye aliyenitambulisha, kwa maneno aliyoandikiwa na Mama Maréjols, na neno "mwokozi" alilitamka kama mtu anayemeza mfupa. Nikahutubia juu ya wajibu. Nilipofika pale pa kusema kwamba mtu huwa mtu siku anapomwachia mwenzake nafasi, ukumbi ulilipuka. Wakapiga miguu sakafuni. Nakala za kitabu changu zikanunuliwa mezani pale mlangoni, zote! Clotilde alikuwa mbele, ameuficha uso kwenye kitambaa, mabega yanamtikisika. Sikujua kama maneno yangu humliza hivyo.

Jumapili, 7 Mei

Gontran ameanza mgomo wa kula! Anagoma kwa ajili ya wafungwa wa Indochina, chumbani kwake, dirisha wazi ili wapita njia wamwone. Mama Maréjols ameshakwenda na maua. Wasichana wa chuo wanamwimbia chini barabarani.

Ujinga mtupu. Mtu mzima kutafuta sifa kwa njia za namna hiyo!

Nimemtangazia Clotilde kwamba nami nagoma kula, na nitagoma mpaka Gontran ashindwe. Akauliza naanza lini. Nikamuuliza leo amepika nini. Kuku, kwa mvinyo na uyoga.

Naanza kesho.