Sweta la Sufu Chini ya Suti ya Kuzamia

Jumatatu, 5 Mei
Balaa. Jumamosi ni msaragambo wa mji: kila mtu gatini, kuopoa baiskeli na matairi baharini. Wakati wa kahawa ofisini, Sunniva wa idara ya ardhi alisema hana mwenzi wa kuzama naye, na hapa Skarvika hakuna azamaye peke yake. Eilif wa kodi akafungua kinywa. Changu kikamtangulia! Nikajisikia nikisema mimi ni mzamiaji. Nimezama mara moja tu, likizoni Krete, kwenye maji vuguvugu kama supu. Sunniva akauliza navaa suti ya maji au suti kavu. Nikajibu inategemea. Akaafiki kwa heshima. Akasema nimpe jibu Ijumaa, la sivyo atamchukua Eilif. Eilif akacheka: ni Amund huyu huyu anayeruka kwa hofu mashine ya nakala ikilia?

Jumanne, 6 Mei
Nimesoma jioni nzima. Suti ya maji ni ya mpira, inabana, na bado maji yanaingia. Kwa makusudi! Kisha mwili unayapasha moto. Yaani jiko ni mimi. Na bahari yetu sasa ni nyuzijoto tano. Suti kavu haipitishi tone. Ndani unavaa nguo nene na unatia hewa. Lakini hewa ikikimbilia miguuni unapinduka, unaning'inia kichwa chini kama chewa kwenye uchanja. Kuganda au kupinduka? Nikaazimia kuugua Ijumaa. Nikamkumbuka Eilif. Nikapona.

Jumatano, 7 Mei
Nimeenda kwa Bibi. Kwa Bibi hakuna homa, talaka wala dhoruba isiyotibika kwa sufu. Akanipa sweta la marehemu Babu na suruali yake ndefu ya ndani. Akasema babu yako alivua samaki maisha yake yote na hakupiga chafya hata moja. Nikapata ufunuo! Suti ya maji nje, miguu ibaki chini. Sufu ndani, nipate joto. Ajabu wazamiaji wote hawajalifikiria hili. Nisimwambie mtu, wataniiga.

Alhamisi, 8 Mei
Jaribio. Suti ya kuazima ilikwama kiunoni. Bibi akaniwekea goti mgongoni, akavuta, akifoka: bana tumbo, mwanangu, mbona soseji inaingia ngozini! Zipu ikafungika. Mikono ikagoma kushuka. Jirani aliyekuja kurudisha bakuli akanikuta nimesimama kama ndege mnandi anayeanika mbawa. Akaomba radhi, akaondoka na bakuli.

Ijumaa, 9 Mei
Nimemjibu Sunniva: suti ya maji. Akanikazia macho. Akasema wenzangu wote wana suti kavu, nina hakika? Nikasema mwili wangu una joto la kuzaliwa nalo. Eilif hakucheka. Hakucheka!

Jumamosi, 10 Mei
Mji mzima gatini. Kahawa, soseji, bendera. Nikaruka. Maji yakaingia. Sufu ikayanywa, ikaomba mengine. Mwili ukakataa kuwa jiko. Nikapiga yowe, yakatoka mapovu. Sunniva akanishika mkono. Mara ya kwanza! Alikuwa ananitoa. Ngazini nikakwama: nje ya maji, sweta lina uzito wa ndama. Wakanipandisha kwa winchi, ndani ya wavu, pamoja na baiskeli na kiti cha choo. Makofi. Mwendesha winchi akauliza kwa sauti: jamani, huyu tunamtupa kwenye vyuma au kwenye nguo? Eilif akazama na Sunniva badala yangu.

Jumapili, 11 Mei
Kitandani, kwa Bibi. Sunniva amekuja kunijulia hali. Hakunicheka, au alimalizia kicheko mlangoni. Akasema Eilif alijaza hewa kupita kiasi kwenye suti yake kavu, akapinduka, akalima matope kwa kichwa. Hazami naye tena. Nafasi bado ni yangu, nikikubali kufunzwa suti kavu bwawani, polepole, kama watu wengine. Nikaapa sitabuni kitu tena.

Alipoondoka nikawaza kwa makini. Kosa halikuwa maji. Kosa ni kwamba yalikuwa baridi. Suti kavu haipitishi maji kuingia. Basi haipitishi kutoka! Mtu akiijaza maji ya moto kabla ya kuruka...

Bibi ameshabandika sufuria kubwa.